UZI: Ukisimamishwa na polisi barabarani Marekani, nguvu inaruhusiwa mpaka wapi?

KaraniWaKorti (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mei 2025 mambo matatu yalifuatana ndani ya siku tisa, na mpaka leo kwenye magrupu yetu ya WhatsApp watu wanayachanganya. Tarehe 7 juri (raia wanaochaguliwa kuamua kama mshitakiwa ana hatia) lililoketi Memphis, Tennessee, liliwaachia huru maofisa watatu wa zamani katika mashitaka ya jimbo kuhusu kifo cha Tyre Nichols, aliyesimamishwa akiwa kwenye gari Januari 2023. Tarehe 8 juri la Grand Rapids, Michigan, lilishindwa kuafikiana juu ya ofisa Christopher Schurr, aliyempiga risasi Patrick Lyoya, kijana wa Kikongo wa miaka 26. Tarehe 15 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatoa hukumu ya Barnes dhidi ya Felix. Mtu anasoma vichwa vya habari vitatu kisha anaandika "polisi sasa ruksa kuua". Mwingine anaandika "polisi sasa wamebanwa". Wote wawili wamekosea, na kosa hilo linaweza kumgharimu mtu maisha au kesi.

Tuanze na kipimo chenyewe cha nguvu ya polisi inayoruhusiwa. Kinatoka kwenye kesi ya Graham dhidi ya Connor ya 1989, ambayo nayo ilianzia kwenye gari lililosimamishwa. Dethorne Graham alikuwa mgonjwa wa kisukari, Charlotte, North Carolina. Mwaka 1984 sukari ilimshuka, akamwomba rafiki yake amkimbize dukani kununua juisi ya machungwa. Alipokuta foleni ndefu akageuza na kutoka haraka. Ofisa aliyekuwa nje akaona mtu kaingia na kutoka mbio, akalifuata gari na kulisimamisha. Hadi wanagundua kwamba dukani hakuna kilichoibwa, Graham alikuwa amevunjika mfupa wa unyayo, ameumia bega na amechubuliwa na pingu.

Mahakama ilisema madai ya nguvu kupita kiasi yapimwe kwa Marekebisho ya Nne ya Katiba (yanayokataza upekuzi na ukamataji usio na msingi), kwa jicho la ofisa mwenye busara aliyekuwa pale pale, si la mtu aliyekaa ofisini baadaye akijua mwisho wa habari. Vinaangaliwa hasa vitu vitatu: uzito wa kosa, kama mtu alikuwa tishio la papo hapo kwa ofisa au wengine, na kama alikuwa anapinga kukamatwa au anakimbia. Nia ya ofisa haihesabiwi. Akiwa na chuki moyoni lakini nguvu yake ikawa ya kiasi, kesi huna. Akiwa mtu mwema lakini nguvu ikazidi, kesi unayo.

Kuhusu mtu anayekimbia kuna Tennessee dhidi ya Garner ya 1985: ofisa haruhusiwi kumuua anayekimbia isipokuwa ana sababu za msingi za kuamini kwamba mtu huyo ni hatari ya kifo au majeraha makubwa kwake au kwa wengine. Garner alikuwa mtoto wa miaka 15, hana silaha.

Mwenye ujuzi wa vipengele vingine aongeze. Porojo za "nilisikia" ziwekwe uzi mwingine.

---

Mkalimani wa Zamu

Naongezea kesi ya Lyoya, kwa sababu ndiyo iliyotugusa Waswahili moja kwa moja. Familia yake ilikimbia Congo na kuingia Marekani 2014, na baba yake alizungumza na waandishi wa habari kwa Kiswahili kupitia mkalimani.

Ilikuwa asubuhi ya tarehe 4 Aprili 2022, mvua inanyesha. Ofisa alisimamisha gari akisema namba zake hazilingani na gari lenyewe. Lyoya akashuka. Ofisa akamwambia arudi ndani, kisha akamuuliza kama anajua Kiingereza, akajibu ndiyo. Akaombwa leseni. Akazungumza na abiria wake, akafunga mlango, akaanza kuondoka kwa miguu. Ofisa akamshika, akachomoka, wakakimbizana kidogo, wakaangushana kwenye majani mbele ya nyumba za watu. Taser (bunduki ya umeme) ilifyatuliwa mara mbili, haikumpata. Wakaing'ang'ania. Mwisho ofisa, akiwa juu ya mgongo wa Lyoya aliyelala kifudifudi, akampiga risasi moja kisogoni.

Angalieni mlolongo: kosa la mwanzo ni namba za gari. Katika kipimo cha Graham kipengele cha kwanza kiko upande wa dereva kabisa. Ila kesi haikupiganiwa hapo. Ilipiganiwa kwenye kipengele cha pili na cha tatu, yaani nani alikuwa ameishika Taser na je, ilikuwa tishio la kiasi gani. Juri likagawanyika, na baadaye mwezi huo huo mwendesha mashitaka akatangaza kwamba hatarudia kesi.

Juri kutoafikiana si sawa na kuachiwa huru. Kesi ingeweza kurudiwa, ni mwendesha mashitaka aliyeamua kutoirudia. Na shitaka la mauaji linataka kuthibitishwa bila kuacha shaka ya msingi, wakati madai ya fidia yanahitaji tu mizani ielemee upande mmoja.

---

BwanaFyuzi

Suala la Taser limejaa hadithi, niliweke sawa kiufundi.

Taser inarusha vishale viwili vilivyofungwa kwenye nyaya nyembamba. Umeme unapita mwilini kati ya kishale kimoja na kingine. Misuli inagoma pale tu vishale vikiwa mbali kimoja na kingine, angalau sentimita 30 hivi. Kwenye mifano iliyozoeleka kishale cha chini kinashuka kwa pembe ya digrii 8, kwa hiyo unahitaji umbali wa kama mita 2 ili vipate nafasi hiyo. Mkiwa mmekumbatiana kwenye majani, vishale vinatua karibu karibu: mtu anaumia, lakini haanguki wala hagandi. Kishale kimoja kikikosa, au kikinasa kwenye koti zito, mzunguko haukamiliki na hakuna kinachotokea. Michigan mwezi Aprili watu bado wamevaa majaketi.

Baada ya vishale kwisha, ncha ya kifaa bado inaweza kugandamizwa mwilini. Hiyo inaleta maumivu tu. Ndiyo maana kortini upande mmoja ulisema Taser ile haikuwa tena silaha ya kuhofiwa kiasi cha kutoa bastola, na mwingine ukasema bado ingeweza kumdhuru ofisa.

Mzunguko mmoja ni sekunde 5. Miongozo ya 2011 ya PERF, shirika la utafiti wa kazi za polisi, pamoja na Wizara ya Sheria ya Marekani inaonya kwamba kupita jumla ya sekunde 15 kunaongeza hatari ya kifo au majeraha makubwa. Ukiwa na kesi, omba kumbukumbu ya ndani ya kifaa: kila kubonyeza kunaandikwa saa na sekunde. Hii inashinda maneno ya mtu yeyote.

Kuhusu kuchanganya Taser na bastola, kesi ni ya Daunte Wright, Brooklyn Center, Minnesota, 11 Aprili 2021. Alisimamishwa kwa stika ya usajili iliyokwisha muda na kiyoyozi cha manukato kilichoning'inia kwenye kioo cha ndani, kisha ikaonekana ana hati ya kukamatwa. Ofisa Kim Potter alipiga kelele "Taser" huku mkononi ana Glock. Bastola ile ilikuwa na uzito wa zaidi kidogo ya ratili 2, Taser chini ya ratili 1 na ni ya njano. Bastola ilikaa kiunoni kulia, Taser kushoto. Desemba 2021 alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akahukumiwa miezi 24.

Kamera ya kifuani nayo: nyingi zinarekodi mfululizo na kutunza sekunde 30 za kabla ya kuwashwa rasmi, ila bila sauti. Ikibanwa kitufe muda wa kutosha inazimika. Ile ya Grand Rapids ilizimika wakati wa mieleka, kwa hiyo sehemu nzito kuliko zote ikaonekana kwa simu ya abiria na kamera ya mlango wa nyumba ya jirani.

---

Kiroboto77

Mkuu Fyuzi "kiyoyozi cha manukato" umetisha 😂 sema kile kimti cha manukato. Tumekuelewa lakini, endelea.

---

DadaSheria KY

Sasa tufike kwenye dirisha la gari. Nitaandika kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo tabia za nyumbani zinapotuponza.

Taa zikiwaka nyuma yako, washa indiketa ya kulia ili ajue umemwona, punguza mwendo, tafuta bega pana la barabara (ukingo wa kuegesha) au kituo cha mafuta penye mwanga. Kama gari halina alama za polisi na una mashaka, washa hazadi, endesha polepole na upige 911 (namba ya dharura) uulize kama kuna ofisa anayekusimamisha. Ukishasimama, zima injini na usiiguse tena funguo. Shusha vioo, vyote kama vina tinti. Usiku washa taa ya ndani. Mikono juu ya usukani, vidole wazi. Abiria wa mbele mikono kwenye dashibodi, wa nyuma juu ya kiti kilicho mbele yao.

Usishuke. Kwetu dereva anashuka kumfuata trafiki, kumsalimia na kuonyesha heshima, na trafiki mwenyewe wakati mwingine anangoja afuatwe. Huku mtu anayeshuka bila kuambiwa anasomwa kama anayetaka kukimbia au kushambulia, na ofisa anakuwa ameshaingia kwenye hali ya tahadhari kabla hamjasemezana neno.

Ila akikuamuru ushuke, shuka. Mahakama ya Juu iliamua 1977, kesi ya Pennsylvania dhidi ya Mimms, kwamba dereva anaweza kuamriwa kushuka bila sababu ya ziada, na 1997 (Maryland dhidi ya Wilson) ikaongeza abiria. Kubishana "kwa nini nishuke?" mlango ukiwa umefungwa hakuna msingi wa kisheria. Ndiko kunakoanzia kuvutwa kupitia dirishani.

Usianze kutafuta karatasi wakati ofisa bado yuko kwenye gari lake. Kutoka nyuma anachoona ni bega linainama upande. Anafundishwa kwamba huko ni kuficha au kuchukua silaha. Ngoja afike, aombe, useme kwanza ziko wapi, ndipo upeleke mkono mmoja polepole. Mkanda nao usiufungue mapema: mkono unashuka kiunoni, mahali bastola inapokaa, na pia anaweza kukuandikia faini kwamba hukuufunga.

Kama una bastola yenye kibali, majimbo yanatofautiana. Michigan unatakiwa kutamka mara moja. Kosa la kwanza la kunyamaza ni faini ya dola 500 na kibali kusimamishwa miezi 6. Hapa kuna mtego. Philando Castile, Falcon Heights, Minnesota, Julai 2016, alitamka kwa adabu kwamba ana silaha, akapigwa risasi akiwa bado amefunga mkanda, na ofisa aliachiwa huru mwaka uliofuata. Aliombwa leseni kwanza, akatamka silaha, mkono ukawa unaelekea chini. Kwa hiyo tamka mikono ikiwa juu ya usukani, kisha usiisogeze popote. Muulize anataka ufanye nini, umwache yeye aseme kila hatua.

Upekuzi: akiomba kupekua gari, kukubali ni hiari yako, na hana wajibu wa kukuambia kwamba unaweza kukataa. Sema "I do not consent" (sikubali) kwa sauti inayosikika kwenye kamera, kisha kaa kimya. Akipekua hata hivyo, usizuie kwa mwili. Neno lako ndilo litakalofanya kazi mbele ya jaji. Akimaliza kuandika tiketi hana ruhusa ya kukuweka ukisubiri mbwa wa kunusa bila sababu nyingine. Ni Rodriguez dhidi ya Marekani ya 2015, ambapo dakika 7 au 8 za ziada zilihesabiwa kuwa nyingi. Na kwa watu wa Michigan, Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema Aprili 2025 kwamba harufu ya bangi peke yake haitoshi tena kupekua gari bila kibali.

Kusaini tiketi si kukiri kosa. Kuna majimbo ambayo kukataa kusaini kunamfungulia ofisa mlango wa kukukamata.

---

Mpingaji

Dada, heshima zako, lakini nipingane kidogo. Orodha kama hii inamfanya aliyeuawa aonekane amefeli mtihani. Castile alifanya karibu kila ulichoandika. Nichols alishakaa chini akiwaambia maofisa kwamba anatii. Uchambuzi wa video wa New York Times ulihesabu amri zisizopungua 71 ndani ya dakika kama 13, nyingi zinapingana: toa mikono huku mikono imeshikwa, lala chini huku umeshalala. Hapo unatii ipi?

---

DadaSheria KY

Mpingaji, ulichosema ni kweli, na sijaandika kwamba ukifuata utanusurika. Nimeandika ili kipengele cha tatu cha Graham kisiwe na kitu cha kushika. Amri zikipingana, ganda, mikono wazi, sema kwa sauti kile usichoweza kufanya: "mkono wangu umeshikwa". Kamera inasikia hata kama wao hawasikii.

Na kuna mpaka ambao lazima watu waujue. Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Sita, inayosimamia Michigan, Ohio, Kentucky na Tennessee, inatofautisha anayepinga kwa vitendo na asiyetii tu. Kukaa kimya bila kusogea, au kuchelewa kutii, peke yake hakuhesabiwi kuwa ni kupinga kwa vitendo, na kumpiga Taser mtu wa namna hiyo kunaweza kuwa nguvu iliyozidi. Lakini kuvuta mkono unapotiwa pingu, kukaza mikono chini ya kifua, kurusha kiwiko, au kukataa kwa ukali huku unajikaza, hapo korti hiyo imesema mara nyingi kwamba Taser au goti vinakubalika. Kuvuta mkono ni jambo la nusu sekunde, mwili unafanya wenyewe kwa maumivu. Ripoti ya polisi itaandika "alipinga kwa vitendo", na kesi yako itatoka upande mmoja wa mstari kwenda wa pili.

Pingu zikibana, korti hiyo inataka vitu vitatu: ulilalamika kwamba zinabana, ofisa akapuuza, ukapata jeraha. Ukinyamaza kiume umeua dai lako. Lalamika kwa Kiingereza, rudia, omba azilegeze na azifunge ule mfungo wa pili unaozuia zisizidi kujikaza. Ukitoka piga picha vifundo vya mikono siku hiyo na uende hospitali upate karatasi. Ganzi ya kidole gumba ikiendelea, waambie waiandike.

---

SemiTrela53

Kwa madereva wa malori: tangu 25 Juni 2025 ofisa wa ukaguzi akiona huwezi kuzungumza Kiingereza cha kutosha anakuondoa barabarani pale pale. Kanuni yenyewe ya lugha ni ya zamani, kilichorudi ni adhabu ya kusimamishwa. Mahojiano yanafanyika kwa Kiingereza bila mkalimani wala simu ya kutafsiri, kisha unaonyeshwa alama za barabarani uzieleze. Usibishane na ofisa kando ya barabara. Piga kampuni ilete dereva mwingine. Nimeona kwenye magrupu watu wanashauriana kuondoa gari kabla karatasi hazijaisha. Hiyo inageuza tatizo la kiutawala kuwa kosa la jinai la kukimbia polisi, na nguvu inaanza hapo.

---

Mkalimani wa Zamu

Kwa magari madogo lugha ni habari nyingine. Idara ya polisi inayopokea fedha za serikali kuu inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 isibague kwa asili ya mtu, na lugha imekuwa ikihesabiwa humo. Amri ya rais ya mwaka 2000 iliyokuwa inatilia mkazo wakalimani ilifutwa Machi 2025, lakini sheria yenyewe bado ipo. Idara nyingi zina namba ya ukalimani kwa simu. Omba "Swahili interpreter" mapema, kabla hujajibu maswali. Ukishajibu "ndiyo, najua Kiingereza" kwa adabu tu, ofisa ataandika kwamba ulielewa kila amri, na baadaye huwezi kumwambia jaji hukuelewa.

Mtoto wako asitumike kutafsiri mambo ya kosa. Na mtu wa Uvira au Bukavu akipewa mkalimani wa Kiswahili cha pwani asichokielewa vizuri, aseme hapo hapo.

---

Msomi_Pwani

Swali kutoka Mombasa. Kwetu Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Polisi ya Taifa ya 2011 linamtaka ofisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu, nguvu ilingane na kosa na upinzani, aliyeumia apewe matibabu mara moja na jamaa zake wajulishwe. Kifo au jeraha kubwa likitokea IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, lazima iarifiwe. Utekelezaji ni hadithi nyingine, tunajua. Je, kipimo cha Graham kina sharti kama hilo la kuanza na njia nyepesi?

---

KaraniWaKorti

Msomi, hakina. Graham inauliza kama nguvu ilikuwa ya busara, haiulizi kama ilikuwa ya lazima wala kama kulikuwa na njia nyepesi zaidi. Kwa maandishi Kenya imeenda mbali kuliko katiba ya Marekani. Majimbo yanaruhusiwa kuongeza: California kupitia sheria ya AB 392, iliyoanza Januari 2020, inataka nguvu ya kuua iwe ya lazima. Lakini hiyo ni sheria ya jimbo, haibadilishi madai ya fidia ya kikatiba kwenye mahakama ya shirikisho.

Hapo ndipo inapoingia Barnes, ambayo sikuifafanua mwanzoni. Aprili 2016, Houston, Ashtian Barnes alikuwa kwenye gari la kukodi lililokuwa na madeni ya ushuru wa barabara. Si wizi wa benki, ni ushuru wa kupita. Ofisa alimwamuru ashuke. Barnes akafungua mlango, lakini akawasha tena injini na gari likaanza kusogea. Ofisa akarukia kizingiti cha mlango, akafyatua risasi mbili bila kuona vizuri ndani. Tangu aparamie gari hadi risasi ya kwanza ni kama sekunde 2, na tangu gari lianze kusogea hadi lisimame ni kama 5.

Mahakama za chini zilikaza macho yote kwenye sekunde zile 2: ofisa ananing'inia kwenye gari linalokwenda, maisha yake yako hatarini, basi kesi imekwisha. Mahakama ya Juu, kwa sauti moja, Jaji Kagan akiandika, ilikataa kipimo hicho. Lazima mazingira yote yaangaliwe, pamoja na yaliyotangulia: kwa nini gari lilisimamishwa, nini kilisemwa, ofisa alifanya nini kabla. Tarehe ilikuwa 15 Mei, miaka 36 kamili tangu Graham itolewe.

Haikusema kwamba ofisa alikosea, ilirudisha kesi ipimwe upya. Pia iliacha wazi swali la ofisa aliyejiletea hatari mwenyewe kwa kurukia gari. Na majaji wanne, kupitia Kavanaugh, waliandika kando wakikumbusha jinsi usimamishaji wa magari ulivyo hatari kwa polisi. Atakayekuambia Barnes imewabana polisi, muulize kama amesoma kurasa hizo za nyuma.

---

Kiroboto77

Kwa hiyo kama kesi ya Lyoya ya fidia ingefika mbele sasa, zile dakika za mwanzo zingehesabiwa?

---

KaraniWaKorti

Zingehesabiwa, ila zinakata pande zote. Kosa dogo la namba za gari linaingia kwenye mizani, na kuchomoka na kukimbia kunaingia pia.

Kisha kuna ukuta wa pili: kinga ya ofisa. Hata ukithibitisha nguvu ilizidi, fidia haipatikani kama hakukuwa na hukumu ya awali iliyoweka wazi kwamba kitendo kama kile, katika mazingira yanayofanana, ni kosa. Wakili mzuri anatumia muda mwingi kutafuta hukumu hiyo kuliko kutafuta mashahidi.

---

Mpingaji

Na haki ya kupinga ukamataji usio halali? Michigan ipo, kesi ya Moreno ya 2012.

---

DadaSheria KY

Ipo, mahakama ya jimbo ilisema sheria haikuifuta. Lakini majimbo mengi yameifuta, na hata Michigan uhalali wa ukamataji ataamua jaji miezi baadaye. Ukikosea hesabu yako, kumpinga ofisa ni kosa la jinai la hadi miaka 2. Haki hiyo ni ya wakili kuitumia kukutetea, usiijaribu kwenye bega la barabara.

Nimalizie na muda, maana wengi wanapoteza kesi kwa kalenda. Madai ya fidia ya kikatiba dhidi ya ofisa hayana muda mmoja nchi nzima, yanafuata jimbo: Kentucky na Tennessee mwaka 1 tu, Texas, Ohio na Iowa miaka 2, Michigan miaka 3, Minnesota na Maine miaka 6. Madai ya kijimbo dhidi ya mji yanaweza kutaka barua ya taarifa mapema zaidi. California ni miezi 6. Kama mtu amefariki, ndugu hawezi kufungua kesi kwa jina lake tu: lazima mahakama ya mirathi imteue msimamizi kwanza, na saa inakwenda wakati mnangoja.

Video usingoje. Michigan inaruhusu idara kufuta picha za kamera ya kifuani baada ya siku 30, isipokuwa kukiwa na malalamiko, hapo zinatunzwa miaka 3. Kwa hiyo wiki ya kwanza: barua ya kuzuia kufutwa, ombi la kumbukumbu za umma lenye tarehe, saa, barabara na namba ya gari la polisi, pamoja na malalamiko rasmi. Kwenye malalamiko andika mambo machache ya uhakika tu, tarehe na mahali na majeraha, usisimulie yote: kila sentensi itasomwa tena kortini. Na kama bado una shitaka la jinai linalokusubiri, usiandike chochote kabla ya kuongea na wakili wa utetezi.

---

SemiTrela53

Barua ya kuzuia kufutwa inaandikwa kwa nani, mkuu wa polisi au mji?

---

DadaSheria KY

Wote wawili, na mwanasheria wa mji kwa nakala. Taja kamera ya kifuani, kamera ya gari, redio, kompyuta ya gari na kumbukumbu ya Taser, kila kimoja kwa jina lake. Ukiandika "video zote" watakupa moja. Tuma kwa barua yenye risiti ya kupokelewa na kwa baruapepe siku hiyo hiyo. Halafu tembea nyumba za jirani uombe video za milangoni, kwa sababu hizo hakuna barua inayozizuia na nyingine zinajifuta zenyewe baada ya siku chache.